Siku tuliyokata turubai jipya la gari ili Maitu apate kulala

Wakuu, habari zenu. Mimi ni cucu, yaani nyanya, wa Kahawa Sukari, nachapa na kidole kimoja, mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu na sijaongeza chumvi.

Kuna kijana wa Gatongora ameuliza humu kwa nini soft top, lile paa la turubai, ya gari lake la zamani inakwama katikati ikikunjwa. Nimecheka, halafu nikaanza kuandika.

Mimi gari sijawahi kuendesha. Lakini hiyo shida naijua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kuelekea mwisho. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, tukikaa shamba la kahawa upande wa Ruiru: mimi, mume wangu Kamau, na mamake. Yeye nilimwita Maitu, yaani mama.

Asubuhi moja Maitu aliteleza kwenye ngazi za factory na gunia la kahawa mgongoni. Nyonga ikavunjika. Kile kilio sijakisahau.

Dresa aliyekuwa akitibu wafanyakazi alimfunga kwa vitambaa juu ya mlango wa mbao tuliong'oa stoo. Akasema, "Msimkunje hata kidogo. Afike hospitali Thika akiwa amelala hivi hivi."

Lori la shamba lilikuwa limeenda Nairobi, na Kamau alikuwa ndani yake.

Gari lililokuwa karibu ni moja tu, la Mzee Ramadhani, mfanyabiashara kutoka Majengo, Thika, aliyekuja kununua ngozi za ng'ombe. Kigari cha milango miwili, paa la turubai. Hakutujua kabisa. Nilimkimbilia nikilia, naye aliniuliza kitu kimoja tu: "Yuko wapi?"

Sasa, ule mlango aliolazwa Maitu ukakataa kuingia garini. Bila kushusha paa, hakuna njia.

Tukafungua vishikizo vya mbele, tukasukuma paa nyuma. Likafika nusu, likasimama wima kama mwavuli ulioharibika. Wanaume wakavuta, vyuma vikalia, wapi!

Nikaingia ndani nikaangalia juu. Kushona nilikuwa najua tangu nyumbani kwetu. Paa kama hilo lina vyuma vya upinde, na lazima vitembee ndipo vilaliane. Turubai lilikuwa jipya, na aliyelishona alikuwa amelibana kwenye chuma cha katikati, kutoka upande hadi upande. Kingetembeaje?

(Kijana, anzia hapo kabla hujaanza kugonga vyuma na nyundo.)

Nikamwambia, "Baba, ni huu mshono. Nikiufumua polepole tutachelewa." Neno "kukata" lilinishinda kutamka.

Akaniangalia. "Turubai hili nimeliweka wiki hii. Jumamosi gari linambeba binti yangu, anaolewa."

Maitu akaguna pale chini.

Mzee akachomoa kisu chake cha ngozi, akanipa. "Basi kata, mwanangu. Kata vizuri."

Nikakata kando ya chuma. Tukamwagia bawaba mafuta ya taa, tukasukuma tena. Paa likalala chini lote, kimya. Wai, nilitamani kulibusu!

Tukamlaza Maitu na mlango wake, mimi nikajibana kando ya kichwa chake.

Tukikaribia Thika, mvua ikaanza, na paa halingeweza kurudishwa juu ya ule mlango. Hapo ndipo nililia kweli. Mzee akasimama, akavua koti akamfunika Maitu, akaendelea na shati tu. Maji yalimtiririka usoni, na bado kila penye shimo alipunguza mwendo na kusema, "Samahani mama, hapa patakuuma kidogo."

Hospitali walimpokea. Alikaa sana huko, lakini alitoka na mkongojo, akaishi miaka mingi, akanilelea watoto wangu wote.

Siku moja kabla ya harusi niliomba kibali cha kutoka shambani, maana ilikuwa bado hali ya hatari ya mkoloni, nikaenda Majengo na sindano. Bibi harusi, Mwanaisha, alinishikia turubai upande wa pili, mamake akimkemea kwamba anaharibu hina. Tulicheka kama watu waliokua pamoja. Tukaweka kiraka kirefu, na kile chuma cha katikati nikakiacha huru.

Jumamosi Mwanaisha akapita mjini paa likiwa limekunjwa, watu wakimpigia vigelegele.

Nilichojifunza, wakuu: kuna watu watakupa kitu chao kizuri wakati bado wanakihitaji. Mzee Ramadhani alishatangulia zamani. Kila nikimwombea Maitu, namtaja na yeye.

Tena Maitu alipopata nguvu ya kuongea pale wodini, hakuuliza habari ya mguu wake. Aliuliza, "Yule mzee alipata nguo kavu?"

Kama na wewe kuna mtu asiyekujua aliyekutendea hivyo, andika jina lake hapa chini, hata kama hayupo tena. Tulisome.