Mkono Uliosafishwa

"Umemfuta mwanangu! Nani alikutuma umfute mwanangu?"

Mama wa watu aliibamiza albamu mezani hadi kikombe cha chai kikaruka. Shemeji yangu akawahi kamera kwanza, akainyanyua juu, chai ikapita chini yake ikalowesha makaratasi yote. Ndivyo alivyo huyu mtu. Nyumba ikiwaka moto atatoka na kamera, akifika nje ndo atakumbuka ana mke. Na huyo mke ni dada yangu.

"Mama, punguza sauti. Nimefuta nini?"

"Huu mkono! Hebu angalia huu mkono!"

Ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, ndani ya chumba chake kimoja anachokiita studio, mlango wa pili kutoka hapa kwangu ninapokata vioo na kutengeneza fremu. Makelele yalipoanza nilikwenda na kioo changu mkononi. Huyo mama nilimjua. Miezi miwili nyuma shemeji alipiga picha harusi ya binti yake, na fremu kubwa ya sebuleni niliitengeneza mimi.

Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Gauni halina mikono, ngozi laini, inang'aa kama kijiko cha plastiki.

"Mbona mzuri?" shemeji akasema. "Tatizo liko wapi?"

"Tatizo si wake! Siku ile alikuwa na alama hapa, juu ya kiwiko. Vidole vinne na gumba. Nikamuuliza, akasema kajigonga na kabati. Nikaamini, mjinga mimi. Kabati gani lina vidole? Sasa yuko nyumbani kwangu, jino moja hana, taya limefungwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Kawaeleza polisi kwamba mumewe alianza kumpiga siku ile ile ya harusi, chumbani, kabla hata hawajatoka. Unajua mwanamume kafanya nini? Katoa albamu yako, nakala yake ya hii hii! Eti tazameni, mkono uko safi, kama kadanganya la kwanza na haya mengine ni uongo. Jumatatu tunasimama mbele ya hakimu, na shahidi wake ni wewe!"

"Mimi nasafisha kila mtu, mama. Chunusi, jasho..."

"Kwani ile ilikuwa chunusi?"

Shemeji akaiweka kamera mezani bila kuangalia kama chai imekauka. Mara ya kwanza kumwona hivyo, na nimekaa naye mlango kwa mlango mwaka wa sita huu.

Ngoja niwaambie ni mtu wa namna gani. Watu wanamwita Tabasamu, na mwenyewe hatabasamu hata umtekenye. Alianza na picha ndogo za vitambulisho, shuka jeupe ukutani na kiti kimoja, na kazi yake siku nzima ilikuwa kufokea watu: "Usicheke! Angalia mbele! Usicheke!" Alipohamia kwenye harusi sauti ilikuwa imeshakomaa, akabadilisha neno tu. "Tabasamu!" Anaitoa kama askari anayeamuru gwaride. Nimeona mabibi harusi wakiruka. Nimeona mzee mmoja akinyoosha mikono juu.

Hana bosi, hana kampuni. Kila kitu chake kinaingia kwenye begi moja la mgongoni. Kamera moja aliyoinunua ikiwa imeshapita mikono mitatu. Lenzi ndefu ya kuwavuta wanaolia kwa mbali, lenzi fupi ya kumbi zenye giza. Betri nne alizoziandika namba kwa rangi ya kucha ya dada yangu. Taa ya kubandika juu ya kamera, kitambaa cha kufutia lenzi, na stendi ya chuma, nzito kama mtoto wa miaka mitatu. Akishavaa vyote hivyo anatembea kama mtu anayekwenda kubomoa nyumba.

Na kubomoa anabomoa. Watu wakisikia harusi wanafikiria furaha. Yeye anakuambia ni vita yenye keki. Wageni wanasimama mbele yake na simu zao, yeye anapita na kiwiko. Kuna mjomba mmoja wa bibi harusi aliambiwa asogee mara tatu, hakusogea, akasogezwa. Mjomba akarudi na kiti cha chuma akampasua nyusi. Shemeji hakwenda hospitali. Aliendelea kupiga picha damu ikimtiririka mpaka keki ikakatwa, ndo akaenda kumtafuta mjomba kule nyuma ya ukumbi. Ya kule nyuma siyajui, ila mjomba mpaka leo akicheka anaziba pengo kwa kiganja. Mlevi mwingine aliingiza mkono kwenye begi lake kutafuta soda. Akatoka na vidole viwili vimeelekea upande usio wake. Lakini bado wanamwita, maana kwa picha hamna anayemgusa.

Siri ya hizo picha ni kusafisha. Harusi ikiisha anakaa siku tatu mbele ya kompyuta anafuta. Jasho la bwana harusi, kamba ya sidiria, rangi ya mdomo iliyoingia kwenye meno, soksi yenye tundu. Hamwulizi mtu. Mkono unaenda wenyewe, kama wewe unavyojikuna. Akikabidhi albamu kila mtu ni mpya, hana doa, utadhani katolewa dukani asubuhi.

Sasa alikuwa amekaa anautazama ule mkono. Halafu akavuta droo, akatoa kile kiboksi cheusi kinachotunza picha zote, diski, akakichomeka kwenye kompyuta.

"Zile za mwanzo ninazo," akasema. "Ambazo sijazigusa."

Mama akasogea. Mimi pia nikasogea, kusema kweli. Akafungua ya kwanza. Alama zilikuwepo, nyekundu inayoelekea zambarau. Akafungua nyingine, nyingine, halafu akafika kwenye moja akasimama.

Ilikuwa ile ambayo maharusi wamesimama dirishani. Bwana harusi kamshika bibi harusi mkono, pale pale juu ya kiwiko. Na vidole vyake vimelala juu ya zile alama, kila kimoja kwenye nafasi yake, ukingo wa wekundu ukichungulia pembeni. Bibi harusi kakunja uso wote.

"Mimi ndiye niliyemwambia amshike," shemeji akasema taratibu. "Nikaona bibi harusi kanuna. Nikamfokea."

"Ukamfokea nini?" mama akauliza.

Shemeji akapangusa kioo cha kompyuta kwa kiganja. Mama naye alishaelewa, akakaa kwenye kiti cha vitambulisho akajifunika mdomo na ncha ya kitenge.

Shemeji akachomeka flashi, ile ndogo ya kuhamishia picha, akaanza kunakili. Picha zilikuwa nyingi na kompyuta yake ni kuukuu. Ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi ulikuwa unatambaa kama una kidonda mguuni.

"Usimwambie mtu mpaka Jumatatu," akasema.

Mama akatazama chini. "Nimeshamwambia."

"Nani?"

"Mwenyewe. Kanipigia asubuhi kunikebehi. Nikamwambia naenda kwa mpiga picha kuchukua za kweli, atanitambua."

"Mama! Umemwambia ya nini?"

"Hasira, baba."

Pikipiki ikazimwa nje. Hata sikuhitaji kuchungulia. Bwana harusi aliingia kwanza, shati limepigwa pasi, nyuma yake msimamizi wake wa harusi, jamaa mwenye shingo pana kuliko kichwa. Huyo akafunga mlango kwa mgongo, mimi nikiwa ndani.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri. Nina mteja."

"Huyo si mteja, ni mama mkwe wangu. Shikamoo, mama."

Mama akatema mate sakafuni.

Bwana harusi akacheka kidogo. "Kaka, sitaki tugombane. Nipe hicho kiboksi, kila mtu aendelee na siku yake. Harusi ilikuwa yangu."

"Harusi ilikuwa ya watu wawili."

"Na aliyekuita ni mmoja. Mimi."

"Uliniita nipige picha. Nimepiga. Ondoka."

Mstari ulikuwa haujafika nusu. Bwana harusi akauona. Akanyoosha mkono taratibu, tukadhani anafuata kompyuta, kumbe amefuata kamera. Akaikamata kwa mkanda wake, akaining'iniza juu ya sakafu ya saruji, akaanza kuibembeza.

"Nasikia kamera ni hii moja tu. Na hilo begi naona limeshafungwa. Leo kuna harusi, si ndiyo?"

"Saa sita."

"Basi chagua. Kiboksi, au hii."

Nilimtazama shemeji. Macho yake yalikuwa yanaifuata kamera inavyobembea. Ile kamera ndiyo inayolisha watoto wa dada yangu, ndiyo kodi, ndiyo sare za shule. Bila ile yeye ni mwanamume mwenye begi tupu. Mama naye akaliona hilo. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kama ni..."

"Nyamaza, mama," shemeji akasema. Halafu akamgeukia bwana harusi. "Ivunje."

"Unasemaje?"

"Hujasikia? Ivunje, halafu uone."

Jamaa akaizungusha kama kombeo akaipiga kwenye fremu ya mlango. Lenzi ikapasuka, vioo vikaruka hadi kwenye nywele zangu. Akaipiga tena, ikabaki mkanda na kipande.

Hakuipiga ya tatu. Stendi ilishashuka. Shemeji hakulenga kichwa, aliulenga ule mkono wa kulia, na nilisikia mfupa ukisema. Bwana harusi alipiga ukelele mwembamba wa ajabu, kama wa mtoto. Msimamizi akamrukia shemeji kwa nyuma, akamkaba, akamgongesha uso ukutani, mara moja, mara mbili, lile shuka jeupe la vitambulisho likaota waridi kubwa jekundu. Stendi ikaanguka. Teke likaipata meza, kompyuta ikateleza hadi ukingoni.

Shemeji akajinyofoa akailalia. Yaani akailalia kabisa, kifua juu ya kompyuta, mikono imekumbatia diski, na msimamizi akawa anamkanyaga mgongoni kwa kisigino cha kiatu. Kila teke nilisikia pumzi ikimtoka.

"Bado ngapi?" akakoroma. "Shemeji! Bado ngapi?"

Nikainama nikaangalia chini ya kwapa lake. "Bado robo!"

Bwana harusi, mkono mbovu kaubana tumboni, akaja kuvuta waya kwa mkono mzima. Mama akamzuia njia. Bwana harusi akamsukuma mama mkwe wake bila hata kufikiri, kiganja usoni, kama mtu anayefungua mlango aliouzoea. Mama akaenda chini na kiti juu yake. Chumba kizima tuliona. Nadhani hata yeye mwenyewe alijiona, maana alisimama kidogo.

Mama alipoinuka alikuwa na albamu. Sasa albamu za shemeji zina jalada la mbao, pembe nne za chuma. Ya kwanza ilimpata msimamizi sikioni. Ya pili hapo hapo. Ya tatu jamaa aligeuka, ikamkuta kwenye meno.

"Mpumbavu wewe! Ulikula wali wa mwanangu! Ulicheza kwenye harusi ya mwanangu!"

Msimamizi akanyanyua ngumi juu ya yule mama. Hapo na mimi nikakumbuka nina kioo mkononi. Nikakivunja kwenye ukingo wa meza, nikabaki na kipande kirefu, nikakielekeza shingoni kwake. Kilinikata mwenyewe kwanza, damu ikawa inanishukia kwenye kiwiko, lakini hilo halikumhusu.

"Shusha."

Akashusha. Mlango tayari ulikuwa unagongwa, fundi viatu na mama wa cherehani na wengine wa korido wanauliza kuna nini. Msimamizi akaufungua, akapita katikati yao kichwa chini, sikio linavuja. Bwana harusi akamfuata. Alifika mlangoni akageuka, uso umekuwa wa majivu.

"Umenivunja mkono. Nitakushtaki!"

"Jumatatu nitakuwa huko huko," shemeji akasema, bado kalala juu ya kompyuta. "Utanikuta."

Mstari ukaisha. Akachomoa flashi, akaifuta damu kwenye suruali, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akaitumbukiza kifuani, akabaki amebana pale kwa ngumi.

"Wataniuliza kwa nini za albamu ni tofauti," akasema. "Watasema nimezichora mimi."

"Sema ni mimi. Nitasimama niseme nilifuta, na diski nitakuja nayo. Wataona nilivyofuta, hatua kwa hatua."

"Nani atakuita tena kwenye harusi ukishasema hivyo?"

"Ndo hapo sasa."

Akapiga magoti akaanza kuokota. Kadi ya ndani ya kamera ilikuwa imekatika. Lenzi ndefu ilikuwa salama begini, betri zote nne salama. Nyusi ilikuwa imefunguka pale pale pa zamani. Akachukua kitambaa cha lenzi akaibana nacho. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba, akajaribu kuvikunja kama anayebonyeza kitufe. Kimoja kilikubali.

Simu ikalia, wenye harusi ya saa sita. Akaiweka sikio la upande usio na damu.

"Ndiyo, mama... Bibi harusi kashaanza kuvalishwa? ... Niko njiani, nakaribia kabisa."

Alikuwa amesimama juu ya vioo.

"Shemeji, unakwenda na nini?" nikamuuliza.

"Mtaa wa nyuma kuna yule mzee wa picha za shule. Ana kamera. Hanipendi, lakini ana kamera."

Diski akaivika ndani ya soksi, akaisukuma chini kabisa ya begi. Stendi akainyoosha kwa goti, haikunyooka, akaibeba hivyo hivyo. Watu wa korido wakampisha.

"We baba!" mama akamwita. "Angalau nawa uso! Unakwendaje harusini na damu?"

"Wanamwangalia bibi harusi, mama," akasema, tayari yuko barabarani, anasimamisha pikipiki.