Mbinja ya Kurumbiza

Bi Mwanamkisi wa Siyu alikuwa na maneno mengi, lakini kurumbiza akilia alinyamaza. Ni kidege kisichojaa kiganja, kifua rangi ya chungwa, hodari wa kujificha. Hakai wazi. Maskani yake ni kichaka kizito chenye kivuli, chini kwenye majani makavu, humo hupekua wadudu. Na anaiga sauti, mchokozi yule!

Fadhil, mume wa Mwanamkisi, akiwa shambani na kiu alizoea kumpigia mkewe mbinja amletee maji. Kurumbiza akaidaka. Fadhil akafa, Mungu amrehemu, na mbinja yake ikaendelea kutoka kichakani kila alfajiri. Mwanamkisi alikuwa akiweka jembe chini kuisikiliza. Watu wakamcheka, akawaambia wacheke mpaka wachoke.

Mwaka wa hamsini na sita shemeji yake Bwanamkuu, mwenye shamba, akataka kukifyeka kichaka apande simsim. Mwanamkisi akamlilia. Bwanamkuu hakuwa mtu mbaya. "Basi, shemeji, hapo katikati nitakuachia," akasema. "Nti ya shamba hili ni kubwa."

Akafyeka pande zote. Mwanamkisi akaogopa mbuzi wasije wakavuruga kiota. Akakokota matawi ya miba yaliyokatwa, akakizungushia kichaka ua mnene, kama wafanyavyo wote pale kuzuia mbuzi. Mikono ilimtoka damu, roho ikamtulia. Kwamba shamba litachomwa kabla ya mvua alijua fika, maana alikuwa akichoma mashamba tangu usichana wake. Lakini akili yote ilikuwa kwa mbuzi, na hakuna aliyemkumbusha.

Siku ya kuchoma upepo ukageuka. Ua ule ulikuwa umekauka kau. Moto ukaushika, ukazunguka, kichaka kikawa ndani yake. Kisima kilikuwa mbali. Mwanamkisi akabaki kasimama na kata ya maji mkononi, hana la kufanya, na wenziwe vile vile.

Alfajiri zilizofuata alikwenda kukaa kando ya majivu. Kimya. Bwanamkuu uchungu ukamshika, akachutama karibu naye. "Ilikuwaje ile mbinja, shemeji? Nionyeshe, nami nitakuwa nikikupigia."

Mwanamkisi akakunja midomo, akapuliza. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena, na tena, machozi yakimwingia kinywani. Miaka yote ile yeye alikuwa wa kuitwa tu. Kupiga mbinja hakuwahi kujifunza.