Kompyuta ilimwita binti yangu si sahihi

Nyie wajukuu mnacheka na simu zenu, mimi niligombana na kompyuta! Miaka ile ya tisini, kambini kwa wakimbizi, huku Kasulu. Nikisimulia tu hasira zinapanda upya.

Tulitoka Burundi, tukapitia Kibondo, tukaletwa huku. Siku ya kuandikishwa karani akaingiza jina langu, la mume wangu, la binti yetu mmoja. Kompyuta ikalia tii! Kwenye kioo pakaandikwa: MTOTO SI SAHIHI. Karani akamkata mtoto kwenye karatasi.

"Mama, huyu hapati kadi. Mashine imemkataa."

Bila kadi hakuna unga, hakuna maharage. Mtoto nimembeba mgongoni mpaka huku, halafu kioo kimkatae!

"Kosa lake nini?"

"Sijui mimi. Sogea, wenzako wanangoja."

"Sisogei ng'o!"

Nikakaa chini palepale. Akaitwa fundi, yule aliyeiwekea mashine maneno yake. Akatazama, akacheka.

"Jina lake halifanani na la baba yake, basi."

Yoo! Kwetu kila mtoto ana jina lake mwenyewe. Huyu alizaliwa wakati jirani anatusema kwa ajili ya shamba, tukampa jina la kumuonya jirani. Kilima kizima, yaani kijiji chetu, kilijua nani anaonywa, na kwa lipi.

"Wewe bwana, na hayo maneno ya kioo chako, hujui kuonya," nikamwambia. "Umemtukana mtoto, na karani umemwacha gizani."

Akakaa, akaandika: JINA HALIFANANI.

"La nani na la nani? Na karani akishaona, afanyeje?"

Jasho likamtoka. Akafuta, akaandika, akafuta. Mwisho karani akanisomea, maana mimi kusoma ni kubahatisha: JINA LA MTOTO NA LA BABA NI TOFAUTI. MUULIZE MZAZI, KISHA ENDELEA.

"Haya mama, huyu ni wako?"

"Wangu."

Akabonyeza. Kadi ikaandikwa watu watatu. Mngedhani nimetulia? Wapi!

"Na wale mliowakata tangu asubuhi?"

Karani akainamia karatasi zake.

"Waite!"

Akaita wa nyuma yangu. Basi nikatoka nje, mtoto mgongoni, kadi mkononi, nikapaza sauti kwa Kirundi: "Mliokatiwa watoto, rudini! Kumbe ni majina tu!"

Wakarudi wanawake, vitenge vinapepea, mlango ukajaa. Karani hakupata hata pa kupitia kwenda kula.