Ijumaa Aliyokufa Mungu

Wifi yangu Perpetua, mke wa marehemu kaka yangu, alikuwa mpika mikate ya mchele, na mtu wa kanisa mpaka anakera. Mafuriko yakiozesha mpunga, kimbunga kikiezua paa, jibu lake lile lile: "Mungu hachunguzwi, wifi." Looh! Nililichukia neno hilo kama nini.

Kwetu Pampanga, Ufilipino, Ijumaa Kuu ikishafika saa tisa, Mungu amekufa. Hakuna kuoga wala kufua, na watoto hawaruhusiwi kukimbia, maana kidonda cha siku hiyo hakiponi. Mwaka ule saa hiyo ilimkuta Meling, binti wa pekee wa Perpetua, miaka mitano, anaungua homa. Nikaleta beseni la maji nimpoze.

Perpetua akalipiga teke. "Usimguse! Unataka kumuua? Leo nani atamponya?"

"Basi tumpeleke hospitali."

"Jumapili, Mungu akifufuka."

Jirani yetu Sabina, aliyejazana mlangoni na wenzake, akaitikia, "Kweli kabisa. Maji leo sumu."

"Sumu ni nyie!" nikamwambia.

Mtoto akaanza kukakamaa, macho juu. Nikampora, nikatoka mbio, mama yake nyuma yangu analia. Barabara nzima imejaa maandamano: wanaume wanaojichapa mijeledi kwa toba, migongo inachuruzika damu, mishumaa, sanamu ya Kristo maiti ndani ya jeneza la kioo.

"Nipisheni, mtoto anakufa!"

Mwanamume mmoja akanisukuma kifuani. "Huna adabu? Mazishi ya Mungu hayakatwi!"

Tukabanwa ukutani mpaka jeneza lipite, na wamama wa rozari, na bendi. Bendi haijaisha, Meling akakata roho mikononi mwangu.

Kesho yake Sabina akaja msibani na sufuria la wali, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama gani huyu, anamnyima mtoto maji? Dini imemtia wazimu." Sabina huyo huyo! Perpetua alisikia, akaendelea kumchana mtoto nywele.

Na mimi nikamwongezea. Watu walipoondoka, nilimwinamia. "Haya, sema. Mungu wako jana alikuwa wapi? Niambie tena hachunguzwi, nikupasue mdomo."

Alikuwa akimfunga Meling utepe kwenye nywele.

"Jana alikuwa maiti, wifi. Alipitishwa mbele yetu, ukamwona. Nilimwomba aamke, hakuamka. Kwa nini, sijui, na sitajua mpaka naingia kaburini. Nimemuua mwanangu kwa mkono wangu, hilo najua. Lakini Meling hakufa peke yake. Mungu aliyekufa siku moja na mwanangu, nimwache niende wapi?"

Mkono nilikuwa nimeshauinua. Niliushusha, nikakishika kichwa cha mtoto ili mama yake amalize kufunga.