Nyuzi Nyeupe za Nthambi

Tarehe 30 Juni 2023, Nthambi Nzivo alistaafu ukarani katika mahakama za Makadara. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepanga majalada, na wenzake wanasema hakupoteza hata moja.

Septemba ya mwaka uliofuata, malisho ya kwao Kitui yalikuwa karibu kulimwa yapitishwe barabara. Alichimba humo matunguu arobaini ya mmea wa porini ambao ukoo wao huchemsha na kula, akayapanda mbele ya nyumba yake Buruburu. Shangazi yake Kaluki, mwenye miaka themanini na sita, alitaka kuyala tena angalau mara moja.

Shida ni kwamba mmea huo una pacha mwenye sumu. Majani hayatofautiani, wala tunguu. Hutofautiana maua tu: meupe kwa ule unaoliwa, ya njano kwa ule wa sumu, nayo hayamalizi wiki mbili. Ndiyo maana kwao hufunga uzi mweupe kwenye shina lenye ua jeupe, kisha husubiri majani yakauke ndipo wachimbe. Yale arobaini Nthambi aliyachimba bila kuona maua, hivyo huenda yalikuwa yamechanganyika.

Mvua ya Novemba iliponyesha, maua yalitoka kwa mara ya kwanza. Nthambi alifunga nyuzi ishirini na tatu. Siku mbili baadaye alikwenda sokoni Muthurwa. Aliporudi, Thuo, mfyeka nyasi wa mtaa, alikuwa amelaza kila kitu, na nyuzi zilikuwa zimeenda na gari la takataka.

"Mama Mumo, kwani hayo si magugu?" Thuo alimuuliza Nthambi, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Yalikuwa chakula."

"Basi chakula si kiko chini bado? Chimba tu!"

"Nichimbe lipi? Wewe ungempikia mama yako?"



Nthambi alikumbuka mahali pa nyuzi kumi na tano hivi. Karani mwingine angeridhika na "hivi".

Januari shangazi alishuka kwenye basi na sufuria yake mwenyewe. Nthambi alimpakulia maharagwe, akamweleza yote.

"Hukuchimba hata moja?"

"Hata moja, shangazi."

"Vizuri. Nilidhani Nairobi imekuharibu." Akaonja, akacheka. "Lakini haya maharagwe, mwanangu, umesahau chumvi."

Alirudi Kitui baada ya wiki moja, sufuria akaiacha jikoni. Mvua ya Machi ikianza na maua yakitoka tena, atakuja kufunga nyuzi mwenyewe.