Kadi Iliyolala Saa ya Ijumaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa marufuku kushika bisibisi. Ilikuwa Gatsata, katika karakana ya kompyuta iliyobanwa kati ya wauza vipuri vya magari, nami nilikuwa nimevaa shati jeupe kama mtu anayekwenda kuposa. Mteja alileta mashine akasema imekufa. Nikaivamia. Fundi Mkuu, mtu mfupi, mkali, akanishika mkono.

"Wewe, umeona imekufa ao wamekuambia?"

"Wameniambia, Shefu."

"Bas, weka iyo bisibisi chini. Angaria kwanza na macho yako."

Waya wa umeme ulikuwa haujaingia vizuri, basi. Karakana nzima ilinicheka hadi jioni, na kwa miaka niliyokaa pale swali lile liliniamsha kila nilipotaka kukurupuka. Nawaambia hili mapema, wanangu mnaoingia kazi hii, kwa sababu baadaye nililisahau, na kusahau kwangu nusura kumtoe mtu kazini.

Kutoka Gatsata nilihamia Gitega, mtaa mwingine wa mji uleule, kwenye duka la intaneti. Virusi vilikuwa vinatumaliza, kwa hiyo Meneja akaamua tutumie Linux. Huo ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, na nilichoupendea ni kwamba huandika kila kinachotokea ndani ya mashine. Maandishi hayo tunayaita logi. Ukiwa na subira ya kuyasoma, mashine yenyewe itakueleza inaumwa wapi. Vijana wa leo hawasomi logi. Wanazima, wanawasha, wanaondoka wakipiga mluzi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa nyumbani Nyamirambo, kwenye bohari ya dawa inayouzia maduka madogo ya dawa. Seva, yaani kompyuta kubwa yenye orodha ya dawa zote, ilikaa chumba cha nyuma. Waya ulitoka kwenye kadi yake ya mtandao hadi kwenye swichi, kisanduku kidogo kinachowagawia mtandao wale wa kaunta. Karibu sote tulikuwa Waislamu. Ijumaa saa sita tulifunga tukaenda msikitini, na Mkurugenzi alikuwa ameamuru tuzime kila kitu cha kaunta, swichi pia, ili tusichome umeme bure. Seva tuliiacha ikiwaka, maana ilichukua muda mrefu kuamka.

Aliyebaki alikuwa Bi Esperansi, mfanyakazi wa usafi, mama Mkristo mwenye wajukuu wawili aliowalea peke yake. Saa ile ndipo chumba cha seva kilipokuwa hakina mtu, kwa hiyo akapewa ufunguo apige deki.

Basi tangu wiki aliyopewa ufunguo, kila Ijumaa tuliporudi, mtandao ulikuwa umekatika. Kaunta imejaa watu, kuna anayetaka dawa ya sukari, kuna mwenye mtoto anayewaka homa, na hakuna orodha inayofunguka. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha tundu la swichi. Mwishowe nikazima seva na kuiwasha, nayo ikapona. Nikafanya hivyo Ijumaa tatu mfululizo, mimi huyuhuyu ninayewacheka vijana.

Mkurugenzi aliniita. "Saa hizo ndani anakuwa nani?"

"Bi Esperansi peke yake."

"Andika."

Nikaandika. Sikuandika kwamba amechomoa waya, la. Niliandika tu kwamba tatizo hutokea anapokuwa peke yake chumbani, nikatia sahihi. Niliona nimesema kweli tupu, tena kwa uangalifu. Siku ya pili yake barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari, akabidhiwe Jumatatu. Habari zilimfikia, akanifuata koridoni akiwa bado ameshika ndoo.

"Shefu, mimi iko napiga deki tu. Iyo mashine siigusagi. Imana inaona, Mungu anajua."

Nikamjibu, "Tutaangalia, mama." Nilikuwa namkwepa, na alijua namkwepa.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo ilikuwa ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi, mji mzima unapofunga milango na kutoka kufanya kazi za mtaa. Mimi na Bi Esperansi tunakaa mtaa mmoja. Tulipangwa kwenye mtaro uleule, yeye na jembe, mimi na sepetu. Aliponiachia kivuli nilikipokea bila kumtazama usoni, na hiyo ni aibu ninayoikumbuka kuliko kazi yenyewe. Saa tano tulikaa kwenye nyasi kusikiliza mkutano. Simu ikaita. Alikuwa mtunza bohari.

Alikuwa amefungua asubuhi na mapema kwa ajili ya oda ya haraka, akazima kaunta na swichi, akaiacha seva ikiwaka, akafunga, akaenda umuganda wa mtaa wake. Sasa amerudi. Mtandao umekatika.

Nilimgeukia Bi Esperansi. Viatu vyake vilikuwa vimejaa udongo. Tangu saa mbili sikuwa nimemwona akienda hata kunywa maji.

"Mama," nikamwambia, "twende bohari."

"Kufanya nini tena? Mumefukuza mimi, haitoshi?"

"Twende uone na macho yako. Na mimi nione na yangu."

Nilisoma logi nikiwa nimesimama. Kila Ijumaa kulikuwa na mstari uleule: waya umekatika, saa ileile tuliyozima swichi. Kisha kimya. Swichi iliporudi, hapakuwa na mstari wa kusema waya umerudi. Nikaizima seva na kuiwasha, mtandao ukarudi, kisha nikamwomba Bi Esperansi anisaidie. Nikamwambia azime swichi, ahesabu hadi tano, awashe. Taa ndogo ya kadi ikarudi. Nikamwambia azime tena, tungoje dakika moja. Akawasha. Safari hii taa haikurudi.

Mnajua draiva ni programu inayoiwezesha Linux kusema na kadi. Draiva ile, ikiona waya hauna kitu upande wa pili kwa karibu dakika nzima, iliilaza kadi ili isile umeme. Kulala si kosa. Kosa ni kwamba haikujua kuiamsha. Ndiyo maana asubuhi hatukuliona tatizo, kwa kuwa usiku tulizima seva yenyewe, na kuwashwa upya kuliiamsha kadi.

Nikatafuta draiva hiyo iliingia lini. Iliingia kwa mkono wangu. Wiki ileile Bi Esperansi alipopewa ufunguo, mimi nilikuwa nimeisasisha Linux ya seva, nikajisifu muda wote wa chai. Mambo mawili yalibadilika wiki moja, nami nikakumbuka la mwenzangu tu.

Niliandika mstari mmoja wa amri unaoikataza Linux kuilaza kadi ile, nikauweka ujirudie kila seva inapowaka. Tukajaribu mara sita. Taa ilirudi mara sita.

Jumatatu nilimpelekea Mkurugenzi karatasi ya pili. Akasoma, akanitazama juu ya miwani. "Ya kwanza si uliandika wewe?"

"Ni mimi. Na kosa ni langu. Ukitaka kutoa barua, badilisha jina."

Aliichana ile barua mbele yangu. Mimi alinipa onyo, na nilistahili. Bi Esperansi nilimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Akasema, "Ntakibazo, Shefu, hakuna shida. Imeisha."

Haikuisha. Ijumaa iliyofuata nilirudi kutoka msikitini nikamkuta kwenye ngazi, mlango umefungwa, ndoo pembeni, maji yamepoa. "Ingia kwanza wewe, Shefu," akasema. "Angaria taa. Arafu mimi nitapiga deki." Nilimsihi, nilimtania, Mkurugenzi mwenyewe alimsihi. Hakuingia tena chumba kile peke yake hadi nastaafu. Kwa hiyo kila Ijumaa nilisali, nikawapita rafiki zangu wanaosalimiana uani, nikaharakisha kurudi.

Siku nilipokabidhi kazi, fundi mpya aliandika kila nilichomwambia: mstari wa amri, mahali logi zilipo, namba za swichi. Akauliza kama kuna lingine.

"Ijumaa usikawie kurudi kutoka msikitini," nikamwambia. "Kuna mama anangoja kwenye ngazi."