Pengo la Apuoyo

Jumamosi ile nyumbani kwetu Kaloleni, hapa Kisumu, tulikuwa watu watano, na mpaka leo naona kila mmoja alipokaa. Mama yangu, Perez, alisimama mlangoni pa jikoni. Dani Nyagweno, mama yake Baba, aliyekuwa amekuja kutoka Bondo kututembelea, alikaa kwenye kigoda. Odhiambo, mdogo wake Baba, fundi wa baiskeli kule Kondele, aliegemea ukuta. Jirani yetu Mama Wanjiru, Mkikuyu aliyekuwa akiuza viazi sokoni Kibuye, aliingia na kapu lake mkononi. Wa tano ni mimi, Akinyi, mtoto wa darasa la tatu, ambalo ndilo lililokuwa la mwisho kwangu. Baba alikuwa kazini, nitamtaja akifika. Na katikati yetu, ndani ya kasha la sabuni, alilala Apuoyo, hali yake mbaya.

Apuoyo kwa Kijaluo ni sungura. Hatukuhangaika kumtafutia jina lingine. Mama Wanjiru alinipa mimi, sungura wake walipozaana wakajaa, na akatuambia waziwazi tumlishe nyasi. Lakini mwanangu, wewe unatujua watu wa ziwa. Kwetu mtu akila mkate na chai na maharagwe, bado atakuambia hajala, maana hajaona ugali. Sasa mgeni aingie nyumbani umwekee nyasi? Nyasi ni za mbuzi. Mama alimkatia Apuoyo kipande cha ugali kama alivyotukatia sisi, asubuhi akapata mkate, na jirani aliyepita hakukosa kumtupia ndizi. Alinenepa, tukasifiwa kwamba tunajua kulea.

Halafu kidevu chake kikaanza kulowa mate. Akawa anakiendea chakula, anakinusa, anakiacha. Mama akasema meno yamemchosha kama mzee, basi tumlainishie. Mkate ukalowekwa kwenye maziwa, ugali ukawa uji. Kila alipozidi kushindwa, tulizidi kulainisha. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu ubaya mtu huuona mapema, lakini wema ukikosea njia hufika mbali kabla hujastuka.

Ile Jumamosi aliamka hataki kitu. Kasha lilikuwa safi, hakuna kinyesi hata punje moja, na tumbo limekaza kama ngoma. Odhiambo akamfungua mdomo, tukaona meno ya mbele yamerefuka, ya juu yamejikunja kuingia ndani kama kucha ya kuku mzee. Akatoa koleo mfukoni, lile la kukatia waya za breki.

"Shemeji, niyakate haya," akamwambia Mama. "Au tumchinje leo angali na nyama. Akifa mwenyewe haliwi."

Nilianza kulia. Mama hakunikemea.

Dani ndiye aliyesema. Kiswahili hakukijua, alisema Kijaluo chake cha Bondo, polepole. "Weka chuma chako, Odhiambo. Jino si waya. Ukilibana hivyo linapasuka mpaka kwenye mzizi. Mimi nilitolewa sita, na aliyenitoa ilikuwa kazi yake, na bado niliumwa."

Nikueleze hapo. Wajaluo wa zamani walitolewa meno sita ya mbele, ya chini. Vijana wa leo wanadhani yalikuwa mapambo tu, au alama ya kabila. Dani alituambia kulikuwa na sababu nyingine. Ugonjwa ukimfunga mtu taya, uji utapita wapi? Utapita penye pengo. Yeye mwenyewe alipokuwa msichana homa ilimkaza meno, na mama yake akamlisha hapo mpaka taya likafunguka.

Akampakata Apuoyo kwenye leso, akaingiza kidole pembeni ya mdomo, nyuma ya yale meno marefu. Akatafuta kidogo. Kisha akacheka, na tukaona pengo lake mwenyewe.

"Huyu ameshatolewa," akasema. "Mungu mwenyewe amemtoa. Mlango upo."

Na kweli, mwanangu, mshike sungura yeyote utaona. Kati ya meno ya mbele na magego kuna nafasi tupu, pande zote mbili. Kila mlango na ufunguo wake.

Dani akaagiza uji. Mama Wanjiru akakataa. Akasema uji ndio uliomfikisha hapo, unachacha tumboni na kumjaza hewa. Dani akataka kujua anasema nini, kisha akamwambia Mama, "Mwambie huyu mwanamke wa viazi kwamba mimi nililisha watu kabla yeye hajazaliwa." Mama akageuka akatafsiri, "Mama anauliza, basi wewe ungempa nini?" Odhiambo alitoka nje kwenda kucheka.

Mama Wanjiru alinituma nyasi changa, akazitwanga kwenye kinu, akazichanganya na maji ya uvuguvugu, akachuja. Dani akaonja kwa ncha ya ulimi, kisha akavuta bakuli kwake. Akachovya kitambaa safi, akakikamua pale pembeni, tone moja, akangoja ameze, ndipo likafuata lingine. Alinionya nisiharakishe, maana maji yakienda njia ya pumzi umemzamisha nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba. Mama Wanjiru naye alijaza maji ya moto kwenye chupa, akaifunga kwa kitambaa, akamwekea ubavuni, akatuonyesha kusugua tumbo kwa kiganja bila kubonyeza.

Baba alirudi kutoka kazini mchana, akatukuta wanawake wote tumemzunguka sungura na sufuria ya chakula haijawekwa motoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema, "Kesho nikitoka kanisani nikimkuta hivi, Odhiambo atachinja. Mnyama asiteseke." Hakuwa mkatili. Alisema lililo sawa, nami nilijua ni sawa, ndiyo maana liliuma.

Tulimlisha kwa zamu mpaka jioni, na alfajiri tukaanza tena. Kanisani sikusikia mahubiri. Tuliporudi Odhiambo alikuwa uani, na kisu ameshakinoa. Baba akapita moja kwa moja mpaka kwenye kasha, akainama, na kofia yake bado kichwani. Kwenye gunia tulilomtandikia kulikuwa na vipunje vidogo vigumu, vimeshikana kwa manyoya kama shanga zilizotungwa vibaya. Baba akaokota kimoja, akakitazama mwangani.

"Odhiambo," akasema, "tumia hicho kisu kwa samaki."

Jumatatu Baba alimpeleka kwa daktari wa mifugo, Bwana Barasa, Mluhya wa Bunyore, ambaye kazi yake ilikuwa ng'ombe. Alicheka, lakini aliyapunguza yale meno kwa tupa ndogo. Akasema hata akiyapunguza yatarefuka tena, kwa kuwa meno ya sungura hukua maisha yake yote, na kinachoyasugua ni nyasi ngumu. Apuoyo alirudi kwake mara kadhaa baada ya hapo, na nyumbani hakuonja ugali tena. Mama alimwekea nyasi huku akimwomba radhi kana kwamba anamwambia mgeni chakula kimekwisha.

Sasa wewe mwanangu, unayefuga sungura na kumpa biskuti kwa sababu anazipenda. Mpe nyasi, nyingi zaidi ziwe kavu, na maji yasikosekane. Mwache atembee. Ukimwona usiku anakula kile kinyesi chake laini usimfukuze, ndivyo tumbo lake lilivyoumbwa. Kila asubuhi tazama kasha kabla hujamtazama yeye. Kama hakuna punje, au hataki kula, au kidevu kimelowa, usingoje wiki, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Na koleo libaki kwenye baiskeli. La mwisho ni la watu pia. Unayempenda, mlishe kwa tumbo lake, si kwa tumbo lako.

Mungu akupe meno ya kutafuna na tumbo la kupokea, na nyumba yako isikose wanawake wawili wanaobishana kwa faida yako.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Wanangu wa Kaloleni, na watoto wa Mama Wanjiru popote mlipo, kama nimekosea, kama Bwana Barasa alikuwa wa Maragoli au kile kigoda alikikalia mtu mwingine, njooni mnisahihishe nikiwa bado nasikia.